Kutafuta Chanzo cha Kasoro za Kulehemu na Kupachika Vijenzi kwenye Bodi za Saketi: Mwongozo kwa Karakana Ndogo

Bodi ya saketi inapotoka kwenye tanuri ikiwa na kasoro, mkono wa fundi hukimbilia chuma cha kulehemu. Kiungo kinaguswa, kasoro inaondoka, bodi inawaka na kazi inaendelea. Lakini bodi inayofuata hutoka na kasoro ileile mahali palepale, kwa kuwa kilichoondolewa ni dalili, na chanzo hakijaguswa. Mwongozo huu unahusu kukitafuta chanzo hicho. Umeandikwa kwa ajili ya karakana inayounganisha bodi kumi hadi mia chache kwa mkupuo mmoja, yenye stensili ya chuma, mashine ndogo ya kupachikia vijenzi au kibano na mkono uliotulia, tanuri dogo, mita na darubini ya kukuzia. Mwenye karakana ya namna hii, awe Nairobi, Dar es Salaam au Kigali, kwa kawaida hana mashine ya eksirei wala kamera za kukagulia kila kiungo, kwa hiyo macho yake, kalamu yake na utaratibu wake ndivyo vyombo vyake vikuu vya ukaguzi.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno machache. Lehemu ni aloi ya metali inayoyeyuka na kuunganisha. Pesti ni lehemu iliyosagwa kuwa chembe ndogo za mviringo na kuchanganywa na flaksi, yaani ile kemikali inayoondoa kutu kwenye metali ili lehemu ishike. Pedi ni kile kipande cha shaba kilicho wazi kwenye bodi, ambapo mguu wa kijenzi hukaa. Stensili ni bati jembamba lenye matundu, ambalo pesti hupitishwa juu yake ili iangukie kwenye pedi peke yake.

Hatua ya kwanza: chora kasoro kabla ya kuzirekebisha

Chapisha picha ya bodi kwenye karatasi, kwa ukubwa unaosomeka vizuri, kisha chukua bodi kumi au ishirini za mwanzo na uweke alama nyekundu kwenye karatasi hiyohiyo kila unapoona kasoro. Usitumie karatasi mpya kwa kila bodi, kwa sababu unachotafuta ni mrundikano wa alama. Andika pembeni aina ya kasoro kwa herufi moja: D kwa daraja la lehemu kati ya miguu miwili, W kwa kijenzi kilichosimama wima, K kwa kiungo kikavu, yaani ambacho lehemu haikushika vizuri, T kwa vitone vya lehemu vilivyotawanyika.

Karatasi hiyo itakupa jibu la kwanza. Alama zikirundikana kwenye kijenzi kimoja cha mahali pamoja katika kila bodi, chanzo kiko kwenye mchoro wa bodi au kwenye tundu la stensili. Zikifuata vijenzi vya aina moja vilivyotawanyika sehemu mbalimbali za bodi, mtuhumiwa ni rili (gurudumu la utepe uliobeba vijenzi hivyo), au fida inayousogeza utepe huo na nozeli inayovinyonya na kuvibeba. Zikijaa upande mmoja wa bodi, tazama usawa wa joto la tanuri, au namna bodi ilivyoegemezwa chini wakati wa kupaka pesti. Zikitapakaa bila mpangilio wowote, basi tatizo ni la jumla: pesti, unyevu, au joto lisilofaa kwa bodi nzima.

Nimejifunza umuhimu wa karatasi hii kwa gharama. Tulikuwa tunaunganisha bodi za kudhibiti chaji ya betri za sola, na kapasita ndogo ya ukubwa wa 0402, yaani milimita 1.0 kwa 0.5, ilikuwa inasimama wima kwenye ncha yake moja kama jiwe la kaburi. Siku mbili nzima nilipandisha na kushusha joto la tanuri, na kila badiliko lilizua tatizo jingine mahali pengine. Nilipokaa chini na kuchora, alama zote za W zilikuwa kwenye kapasita moja tu, C14. Nikaiweka bodi tupu chini ya darubini. Pedi ya kushoto ya C14 ilitoka na njia nyembamba kama unywele. Pedi ya kulia ilikuwa imezama moja kwa moja kwenye uwanja mpana wa shaba wa ethi. Uwanja ule ulikuwa ukinyonya joto, kwa hiyo lehemu ya kushoto iliyeyuka kwanza, ikauvuta mguu wake kwa nguvu ya mvutano wa uso wa metali iliyoyeyuka, na upande wa kulia, ambao ulikuwa bado haujayeyuka, haukuwa na nguvu ya kuvuta kinyume. Kapasita ikainuka. Hakuna joto la tanuri ambalo lingeponya kabisa kosa lile, kwa sababu lilikuwa kosa la mchoro.

Dawa yake ya kudumu ni kuiunganisha pedi ile na uwanja wa ethi kwa shingo mbili au nne nyembamba za shaba, ili umeme upite na joto lisikimbie. Bodi zilizokwisha kuchapwa huokolewa kwa kurefusha kipindi cha kupasha kabla lehemu haijayeyuka, ili pedi zote mbili zifike kwenye kiwango cha kuyeyuka kwa wakati mmoja. Kijenzi kinaweza pia kusimama wima kwa sababu pesti imeangukia pedi moja zaidi ya nyingine, au kwa sababu kimewekwa kikiwa kimesogea. Lakini hali hizo huhamahama kutoka kijenzi kimoja hadi kingine, ilhali kosa la mchoro halihami.

Hatua ya pili: hakikisha pesti iko hai

Pesti huharibika kimyakimya. Aina nyingi huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi joto 2 na 10, na mkebe unapotolewa huachwa ukiwa umefungwa mpaka ufikie joto la chumba, jambo linalochukua takriban saa nne. Ukifungua mkebe ungali baridi, mvuke wa hewani hutonea ndani yake kama unavyotonea kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji hayo ndiyo yatakayochemka ndani ya tanuri na kurusha vitone vya lehemu huku na huku. Katika miji ya pwani kosa hili huonekana siku hiyohiyo. Andika kwenye kifuniko tarehe ya kufunguliwa na saa ya kutolewa kwenye jokofu. Umeme ukikatika usiku, andika pia muda ambao jokofu lilikaa bila kuwaka, maana tarehe ya mwisho iliyoandikwa na kiwanda inahesabu kwamba baridi haikukatika.

Koroga pesti taratibu kwa dakika moja au mbili kwa kijiko cha plastiki. Ikiwa nzuri, hudondoka kutoka kwenye kijiko kwa vipande vizito. Ikivutika kama gundi au ikimeguka kama udongo mkavu, itupe. Pesti iliyokwisha kukaa juu ya stensili isirudishwe kwenye mkebe wa pesti mpya. Najua bei yake inauma, lakini mkebe mmoja unagharimu kidogo kuliko bodi hamsini za kurekebishwa kwa mkono.

Kumbuka pia kwamba metali ni kama asilimia 88 hadi 90 ya uzito wa pesti, lakini ni karibu nusu tu ya ujazo wake. Rundo la pesti unaloliona kabla ya tanuri litabaki nusu baada ya tanuri, na ndiyo sababu pesti iliyoonekana ya kutosha huacha kiungo chembamba.

Hatua ya tatu: kagua upakaji wa pesti

Kama ningeruhusiwa kukagua hatua moja tu katika kazi yote hii, ningekagua hii. Daraja kati ya miguu ya chipu, kiungo chenye njaa ya lehemu, vitone pembeni mwa kapasita na chipu inayoelea juu ya pedi zake mara nyingi huzaliwa hapa, na tanuri huvigandisha tu.

Anza na hesabu ya tundu la stensili. Pesti inapokuwa ndani ya tundu, pedi iliyo chini huivuta ishuke na kuta za tundu huishikilia isishuke. Ili pedi ishinde, eneo la tundu likigawanywa kwa jumla ya eneo la kuta zake lisipungue 0.66. Chukua tundu la mraba lenye upande wa milimita 0.30 kwenye stensili yenye unene wa milimita 0.12. Eneo la tundu ni 0.09, kuta nne kwa pamoja ni 0.144, jibu ni 0.625, na hapo sehemu ya pesti itabaki ndani ya tundu, mara ikiachia, mara ikigoma. Stensili hiyohiyo ikiwa na unene wa milimita 0.10, kuta zinakuwa 0.12 na jibu linapanda hadi 0.75. Tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita ndiyo inayotenganisha bodi zinazopita na zinazokwama, na fundi asiyeifanya hesabu hii atamlaumu mtu aliyeshika ubapa wa kusukumia pesti.

Bodi iegemezwe sawasawa, isiwe na bonde katikati. Katika karakana nyingi bodi hushikiliwa kwa vipande vya bodi chakavu vyenye unene uleule, vilivyobandikwa mezani kuizunguka, na njia hiyo inafaa kabisa mradi chini yake pasiwe na chembe ya lehemu kavu. Shika ubapa kwa mwinamo wa nyuzi 60 hivi, ukandamize kiasi cha kuacha uso wa stensili ukiwa safi, na upitishe mara moja kwa mwendo usiobadilika. Pesti iwe inajiviringisha mbele ya ubapa kama kamba nene. Ikiteleza bila kuviringika, haiingii kwenye matundu. Kupitisha ubapa mara ya pili na ya tatu juu ya bodi ileile husukuma pesti chini ya stensili, na hapo madaraja huanza.

Sasa inua stensili wima, bila kuiburuta, na uiweke bodi chini ya darubini kabla ya kupachika chochote. Kila rundo la pesti liwe na kingo zilizosimama kama tofali lililotoka vizuri kwenye kalibu. Ukiona vilele vilivyochongoka kama masikio, stensili iliinuliwa vibaya au pesti imeanza kukauka. Ukiona ukungu wa pesti kati ya pedi, upande wa chini wa stensili ni mchafu. Ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya aisopropili, kisha uendelee kuufuta kila baada ya bodi chache. Ukiona rundo limesogea zaidi ya robo ya upana wa pedi, osha bodi na upake upya. Kuosha pesti mbichi ni kazi ya dakika mbili. Kuondoa madaraja kumi na mawili kwenye chipu yenye miguu ya nusu milimita ni kazi ya nusu saa, na bado kila unapoipasha moto unaipunguzia umri.

Chipu zisizo na miguu, zenye pedi kubwa katikati ya tumbo, zinahitaji uangalifu wa peke yake. Tundu la stensili likiwa sawa na pedi nzima ya katikati, lehemu itakuwa nyingi, chipu itaelea juu ya kidimbwi hicho, na pedi ndogo za pembeni zitabaki hazijagusana na bodi ingawa kwa macho kila kitu kinaonekana kimekaa. Gawanya tundu hilo liwe madirisha manne au tisa, na pesti ifunike nusu hadi robo tatu hivi ya pedi. Nafasi kati ya madirisha huwapa gesi za flaksi njia ya kutokea, kwa hiyo mapovu yanayonaswa ndani ya kiungo hupungua pia.

Hatua ya nne: kagua upachikaji

Hapa makosa mengi ni ya kuelekeza. Dayodi imegeuzwa, chipu imezungushwa nusu duara, kapasita ya tantalamu imekalia ncha isiyo yake. Kwa taa ndogo za LED usiamini kitone cha kijani kilicho juu yake, kwa sababu viwanda havikubaliani kinaonyesha upande gani. Chukua moja kutoka kwenye rili, iwashe kwa mita iliyowekwa kwenye alama ya dayodi, kisha uandike kwenye rili upande wa hasi uko wapi. Bodi ya kwanza ya kila mkupuo ipachikwe kikamilifu, ikaguliwe kijenzi kwa kijenzi na mtu ambaye hakuipachika, na ndipo iingie tanuri. Mtu aliyeipanga kazi huona kile alichokusudia, na jicho la pili huona kilichopo.

Kwa mashine, kijenzi kinachokosekana mara kwa mara huashiria nozeli iliyoziba au fida isiyosogeza utepe sawasawa. Kijenzi kilichokandamizwa mno husukuma pesti itoke chini ya tumbo lake, na pesti hiyo huyeyuka kuwa shanga moja kubwa ya lehemu pembeni mwa kapasita au rezista. Shanga hiyo ni tofauti na vitone vidogo vilivyotawanyika kila mahali, ambavyo kwa kawaida hutokana na unyevu au joto lililopanda kwa kasi. Kama shanga zinaendelea hata baada ya kupunguza mkandamizo, punguza pesti kwenye sehemu ya ndani ya tundu, ile iliyo chini ya tumbo la kijenzi, kwa kulichonga tundu mfano wa umbo la nyumba yenye paa.

Hatua ya tano: pima joto kwenye bodi yenyewe

Namba inayoonyeshwa kwenye kioo cha tanuri ni joto la hewa mahali kipimo kilipo. Bodi ina habari nyingine. Chukua bodi moja iliyoharibika, yenye vijenzi vyake vyote, ubandike themokapo (waya za kupimia joto) tatu: moja kwenye kiungo cha kijenzi kizito kilichokaa juu ya shaba nyingi, moja kwenye kijenzi kidogo kilicho pembeni, na moja kwenye chipu unayoiogopea. Zishikize kwa lehemu ya joto la juu au kwa utepe wa alumini, kisha uipitishe bodi tanurini na uandike joto kila baada ya sekunde kumi.

Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Lehemu isiyo na risasi inayotumika sana, iitwayo SAC305, yenye bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, huyeyuka kati ya 217 na 220. Kwa SAC305 ninapendelea joto lipande kwa nyuzi 1 hadi 2 kwa sekunde mpaka 150, litulie kati ya 150 na 200 kwa sekunde 60 hadi 120, kisha lipande tena mpaka kilele cha kati ya 235 na 245, na viungo vikae juu ya kiwango cha kuyeyuka kwa sekunde 45 hadi 90. Karatasi ya maelezo ya pesti yako ikisema tofauti, ifuate hiyo.

Kila sehemu ya safari hii ina dalili zake. Joto likipanda kwa kasi mwanzoni, flaksi huchemka na kurusha vitone. Kipindi cha kutulia kikiwa kifupi mno, vijenzi vidogo husimama wima na vizito hubaki na viungo vya baridi. Kikirefuka mno, flaksi humalizika kabla lehemu haijayeyuka, na utaona chembe za lehemu ambazo hazikuungana, zikiwa na uso kama wa zabibu. Kilele kikiwa chini, lehemu haitambai kwenye miguu. Kilele kikipita kiasi, bodi hubadilika rangi, plastiki za soketi hulegea, na bodi yenyewe hujikunja. Kujikunja huko ndiko kunakozaa kasoro ngumu kuliko zote kuigundua kwenye chipu zenye vitufe, yaani vijitufe vya lehemu badala ya miguu, chini yake: kitufe huinuka, hupata kutu wakati kiko hewani, kisha hurudi kukalia lehemu ya bodi bila kuungana nayo, kama kichwa kilicholala juu ya mto. Chipu hiyo huweza kupita majaribio ikiwa baridi na kukatika ikipata joto.

Jihadhari na kuchanganya aina mbili za lehemu. Tangu tarehe 1 Julai 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya imezuia risasi katika vifaa vingi vya kielektroniki vinavyouzwa huko, na kwa sababu hiyo chipu nyingi za vitufe sokoni huja na vitufe visivyo na risasi. Ukizipachika kwa pesti ya risasi na kilele cha 210, pesti itayeyuka na vitufe havitayeyuka; kiungo kitaonekana kimeshika, na ndani yake kitakuwa nusu nusu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya viwanda vya mbali hulitaja kwa nadra, nalo ni umeme kukatika bodi ikiwa ndani ya tanuri. Mkanda unaosafirisha bodi tanurini unasimama, joto lililokwisha kukusanyika linabaki, na bodi huungua polepole. Unganisha injini ya mkanda na betri ya akiba hata kama huwezi kuviwekea akiba vipashio, ili bodi zitoke. Bodi iliyosimama humo usiihesabu kuwa nzima kwa kuwa tu inawaka. Itenge, na uifuatilie peke yake.

Hatua ya sita: shughulikia unyevu

Plastiki ya chipu hunyonya maji kutoka hewani. Yakiingia kwenye joto la nyuzi 240, maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla na kuupasua mwili wa chipu kutoka ndani, wakati mwingine kwa mlio kama wa bisi. Ndiyo maana chipu nyingi huja katika mifuko iliyofungwa bila hewa, yenye vifuko vya kukausha na kikaratasi cha kuonyesha unyevu. Chipu za kiwango cha 3 cha wepesi wa kuathiriwa na unyevu, ambazo ni za kawaida sana, zinaruhusiwa kukaa nje ya mfuko kwa saa 168 tu, na hapo ni katika chumba kisichozidi nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 60. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, chumba kisicho na kiyoyozi huvuka kipimo hicho mara kwa mara, kwa hiyo usizihesabu zile saa 168 kuwa ni zako zote. Fungua mfuko asubuhi ya kazi, andika saa juu yake, na kinachobaki kirudi kwenye sanduku kavu jioni hiyohiyo.

Chipu zilizopitwa na muda hukaushwa. Zilizo kwenye trei za kuhimili joto hukaushwa kwa nyuzi 125 kwa saa zilizotajwa kwenye mfuko. Zilizo kwenye rili hazivumilii joto hilo kwa sababu utepe wa plastiki utajikunja. Hizo hukaushwa kwa nyuzi 40 kwenye hewa kavu sana, kwa siku kadhaa. Bodi tupu nazo hunyonya maji, na zile zilizokaa stoo miezi mingi huweza kuvimba malengelenge. Zipashe kwa nyuzi 105 hadi 120 kwa saa chache kabla ya kazi, isipokuwa zenye kinga ya kiogani (tabaka jembamba la kemikali linalozuia kutu) juu ya shaba, kwa sababu kupashwa huko huidhoofisha kinga hiyo na lehemu hukataa kushika.

Hatua ya saba: kulehemu na kurekebisha kwa mkono

Vijenzi vyenye miguu inayopenya bodi, na marekebisho yote, hurudi mikononi mwa fundi. Ncha ya chuma iwe safi na iliyopakwa lehemu, joto lake liwe kati ya 320 na 370, na upana wake ukaribiane na upana wa pedi. Gusa mguu na pedi kwa wakati mmoja, hesabu moja, lisha waya wa lehemu upande ulio mkabala na ncha, na uondoe kabla ya sekunde tatu kupita. Lehemu ikishikwa na ncha badala ya kiungo, ndipo unapopata kile kitufe kilichokaa juu ya mguu kama tone la maji juu ya jani la mgomba, ambalo halijalowana nalo. Kiungo kizuri kina miteremko inayojipinda ndani kuelekea kingo za pedi. Usikihukumu kwa mng'ao, kwa sababu lehemu isiyo na risasi huganda ikiwa na uso uliofifia hata inapokuwa nzima kabisa. Tazama mteremko, na tazama upande wa pili wa bodi: lehemu iwe imepanda angalau robo tatu ya kina cha tundu.

Kiungo kilichounganishwa na uwanja mkubwa wa shaba kikigoma, usipandishe chuma hadi 450, kwa kuwa gundi inayoshikilia pedi itaachia na pedi itang'oka na mguu. Ipashe bodi yote kutoka chini hadi nyuzi 100 au 120, ongeza flaksi, kisha rudi na joto lako la kawaida. Daraja la lehemu huondolewa kwa flaksi nyingi na ncha safi inayovutwa kufuata urefu wa miguu. Utambi wa shaba, unaofyonza lehemu iliyoyeyuka, utumike pale tu lehemu ilipozidi. Kwa bloa ya hewa moto, vifunike kwanza vijenzi vya jirani kwa utepe wa kuhimili joto, na usiinue chipu mpaka iwe inateleza yenyewe ukiigusa kwa kibano.

Fanya kazi hii pakiwa na feni inayovuta moshi kuutoa nje, si inayoupuliza usoni kwa mwenzako. Moshi huo ni wa flaksi, na flaksi ya utomvu wa msonobari inajulikana kuleta pumu kwa wanaouvuta miaka mingi. Risasi yenyewe haifuki katika joto hili; huingia mwilini kupitia vidole, kwa hiyo chakula na chai visifike kwenye meza ya kazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kila unapoondoka. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi kupitia rezista ya megaomu 1, hasa Nairobi na nyanda za juu wakati wa kiangazi, ambapo hewa kavu hukusanya umeme tuli wa kutosha kuua chipu bila wewe kuhisi chochote.

Baada ya kurekebisha, osha. Kupitisha brashi yenye alkoholi na kuacha ikauke hutandaza flaksi tu na kuacha ukungu mweupe. Mimina alkoholi safi, sugua, kisha fyonza kwa kitambaa kabla haijakauka.

Hatua ya nane: badilisha kitu kimoja, kisha uhesabu tena

Ukishamshuku mhusika, badilisha kitu kimoja tu na upitishe bodi tano. Ukibadilisha pesti, joto na mkandamizo kwa pamoja na kasoro ikatoweka, hutajua ni kipi kilichoiondoa, na mwezi ujao utaanza upya. Andika katika daftari moja la karakana tarehe, hali ya hewa, namba ya mkebe wa pesti, kipimo kilichobadilishwa na idadi ya kasoro kabla na baada. Daftari hilo likishajaa kurasa ishirini, utaanza kuona mambo ambayo hakuna mtengenezaji wa pesti angekuambia, kama vile kwamba vitone huongezeka kwenye karakana yako kila msimu wa masika.

Kama kasoro haikubadilika, rudisha kipimo kama kilivyokuwa kabla ya kujaribu kingine. Kama imepungua nusu, usiridhike. Kuna uwezekano kwamba vyanzo ni viwili, na alama zilizobaki zichorwe upya kwenye karatasi safi. Kiungo ambacho kimekwisha kulehemiwa mara tatu na bado hakishiki kiondolewe kwenye orodha ya kurekebishwa, na bodi yake itumike kubandikia themokapo.